Pini za Buluu

Mwezi wa nane tulikutana tena Bungoma, sisi tuliosoma pamoja mwaka wa 2007, tukaketi katika ukumbi uleule wa hoteli iliyo nyuma ya kituo cha reli. Ukumbi umepakwa rangi mpya ya malai na viti vya mbao vimeondolewa, lakini harufu ya mafuta ya kukaangia samaki bado hupanda kutoka jikoni na kuganda kwenye mapazia. Tulikuwa tisa. Mwalimu wetu, Bwana Makokha, alikuwa amezikwa wiki mbili kabla, na wengi wetu hatukuweza kufika mazikoni, kwa hiyo tulikuwa tumekuja kula naye kwa kuchelewa, kila mtu akisimulia alivyogombezwa naye. Mmoja wetu alileta picha. Ndani yake niko mimi wa miaka ishirini na sita, nimesimama mbele ya karatasi kubwa ya kaki iliyobandikwa ukutani, fimbo mkononi, natabasamu kama bibi harusi. Karatasi imejaa vidoa vya rangi tatu. "Huyu ndiye alitushinda wote," alisema aliyeshika picha, mtu ambaye enzi hizo alikuwa mkuu wa kumbukumbu katika hospitali moja. "Yeye alipunguza kuchelewa mpaka kukaisha kabisa. Kabisa." Wakanipigia makofi. Nikashukuru, nikaendelea kutoa miiba kwenye samaki wangu. Hakuna aliyeniuliza kwa nini kuchelewa kuliisha. Hata mwaka ule hakuna aliyeuliza, na mimi ndiye niliyekuwa nimefunzwa kuuliza.

Kozi yenyewe ilikuwa ya juu, ya kuboresha taratibu za kazi, kwa watu waliokwisha kuajiriwa: maofisa wa benki, wahandisi wa kiwanda cha sukari, wasimamizi wa hospitali, na mimi, ofisa wa mipango katika kampuni moja ya mbegu za mahindi mjini Kitale. Madaraja yake yaliitwa kwa mikanda kama ya karate, na sisi tuliutafuta mweusi, ambao ulikuwa wa mwisho. Siku nne kila mwezi nililala Bungoma na kushinda katika ukumbi ule. Siku zilizobaki nilikuwa Kitale nikifanya mradi, maana hapakuwa na mkanda bila mradi: uchague tatizo moja kazini kwako, ulipime, utafute chanzo chake, ulirekebishe, kisha uthibitishe mbele ya jopo kwamba halirudi. Bwana Makokha alikuwa mhandisi mstaafu, mwembamba, saa ya kupimia ikining'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Kama wengi wa kwetu, alikuwa na ulimi ambao hauzitenganishi sana l na r. "Usiniretee maoni," angesema. "Niretee dakika." Alitufundisha mambo mengi, lakini matatu ndiyo yaliyoniingia damuni. Kwanza, nenda mwenyewe mahali kazi inapofanyika. Pili, ukiona kasoro uliza kwa nini, ukijibiwa uliza tena, mara tano, mpaka ufike kwenye mzizi. Tatu, usifiche chochote ndani ya faili. Kibandike ukutani, kila mtu akione. Niliyapenda mafundisho hayo kama mtu anavyopenda dini aliyoichagua mwenyewe. Niliamini kwamba dunia ilikuwa imechafuka kwa sababu tu hakuna aliyekuwa ameketi akaipima.

Nilikuwa nimepanga chumba Kiminini, ndani ya boma la Mama Shiru. Binti yake, Wanjiru, alikuwa msimamizi wa wafungashaji pale kampuni, na ndiye aliyenipeleka kwao aliposikia natafuta mahali pa kukaa. Familia ile, kama nyingi za upande ule wa barabara, ilikuwa imetoka katikati ya nchi miaka mingi nyuma, ikanunua kipande cha ardhi na kukijenga pole pole, chumba kwa chumba. Chumba changu kilikuwa cha mwisho kujengwa. Kuta zake zilikuwa za mabanzi, zimebandikwa magazeti kwa ndani kuzuia upepo, na kabla ya kulala nilisoma habari za miaka iliyopita: bei za mbolea, harusi, tangazo la mtu aliyepotea akiwa amevaa sweta ya kijani. Jioni tulikula jikoni, kwenye viti vifupi, githeri na parachichi, au mukimo siku za wageni, na chai ambayo Mama Shiru aliichemsha mpaka maziwa yakawa ya kahawia. Alikuwa mama mpana, mpole, asiyependa chakula kibaki. "Kula, Nekesa. Mtoto ya wenyewe akirudi kwao amekonda watasema nini?" Kulikuwa na redio juu ya kabati, na kadiri mwaka ule wa uchaguzi ulivyosonga aliiweka sauti chini zaidi na yeye mwenyewe akaisogelea zaidi. Wanawake wa kanisa walikuja kumtembelea. Nilisikia wakizungumza lugha yao kwa sauti ya chini, haraka haraka, na nilipoingia na bilauri zangu walihamia Kiswahili na kuanza kusema mvua imechelewa. Nilidhani ni adabu. Nilikuwa nikiwasikiliza kila jioni, na sikuwa nimesikia lolote.

Tatizo nililochagua lilikuwa kuchelewa. Mashine za kusafisha mbegu zilipaswa kuanza saa moja asubuhi, lakini mstari wa kufungasha haukujaa watu hadi karibu saa mbili, na mashine zilinguruma bure. Meneja alikuwa amejaribu ukali, akajaribu barua za onyo. Mimi nilienda mahali penyewe. Wiki nzima nilisimama langoni na saa yangu, ndipo wafungashaji wakanibatiza jina la Madam Saa. Kisha nikauliza kwa nini, na kila jibu lilinipeleka nje ya kampuni, kwenye njia watu walizopita, kwenye madaraja yaliyobebwa na maji. Kwa hiyo niliamua kupima njia. Miezi miwili, Jumamosi na Jumapili baada ya kanisa, nilitembea kutoka boma hadi boma nikiwa na daftari: jina, mahali, lango ni la rangi gani, anatoka saa ngapi, anatembea na nani, kuna mbwa au hakuna. Nilipewa chai kila mahali. Watu walifurahi kwamba ofisa amekuja kwao kwa miguu. Halafu nilichukua karatasi ya kaki ya kufungia magunia, nikachora juu yake barabara zote, nikaweka pini moja kwa kila mfanyakazi: za njano kwa waliotoka njia ya Kachibora, za kijani kwa waliotoka upande wa mlima, za buluu kwa waliotoka upande wetu wa barabara ya Kiminini. Chini ya kila pini niliandika jina kwa herufi ndogo safi. Pini yangu pia niliiweka, ya buluu, kando ya ile ya Wanjiru, zikigusana vichwa. Sijawahi kutengeneza kitu kizuri zaidi kwa mikono yangu.

Tuliibandika kantini, kwenye ukuta unaoelekea mlango, na kwa siku kadhaa ilikuwa kama sikukuu. Wafungashaji walikuja na vikombe vyao vya chai wakajitafuta.

"Ona kwetu. Ati mpaka mzambarau ameuweka."

"Madam Saa, umesahau choo yangu. Si ungeichora pia, iko na mlango mpya."

"Wewe nawe unakaa mbali hivi na kila siku unatuambia unatembea dakika kumi? Bana, leo umeshikwa."

Walicheka, nami nikacheka nao. Bwana Elijah, mkuu wa usafiri, hakucheka. Alisimama pale muda mrefu kuliko wote, mtu nadhifu wa suti za kaunda, kalamu mbili mfukoni, chai yake ikipoa. Ndiye ambaye lori lake lingekuwa likiwazungukia wafanyakazi asubuhi kufuata ramani yangu, kwa hiyo nilifurahi kuona anaisoma kwa makini. "Umetupanga vizuri, Madam," alisema mwishowe. "Mtu akitafutwa sasa, ni kwenda tu moja kwa moja." Nikasema asante. Mwezi uliofuata niliipeleka picha ya ramani hiyo Bungoma, na Bwana Makokha akaisimamisha ubaoni akasema hii ndiyo maana ya kwenda mahali penyewe. Wakati wa chakula, ofisa mmoja wa benki aliyekuwa mkimya kwa kawaida aliniuliza, akiwa hanitazami, "Hizi rangi zako ni za barabara tu?"

"Ndiyo. Barabara."

"Sawa," akasema, akarudi kwenye soda yake. Kisha, kana kwamba amekumbuka kitu: "Na watu wa kila barabara ni kabila mchanganyiko, ama?"

Nilifikiri kidogo, nikamwambia sikuwa nimepima hilo. Alinitazama basi, mara moja, kwa namna ambayo wakati huo niliiona kama dharau. Sasa najua alikuwa akinihurumia, au akijihurumia mwenyewe, kwa sababu naye alikuwa na familia kwenye barabara fulani.

Lori lilianza mwezi wa saba, na grafu yangu ikashuka. Si sana, lakini ilishuka, hatua kwa hatua, jinsi vitabu vilivyosema. Halafu mwishoni mwa mwezi wa tisa ikaanguka. Watu wa njano na wa kijani walibaki na dakika zao chache, lakini wa buluu waliacha kuchelewa, wote, kwa wakati mmoja. Siku ya kwanza nilidhani nimekosea kuhesabu. Siku ya tatu dereva wa lori alilalamika kwamba anapita barabara ya Kiminini na hakuna mtu wa kumchukua. Nikaenda langoni saa kumi na mbili na nusu na kukuta wamekwisha kuingia, wamenawa, wamevaa aproni, wamesimama kwenye mstari kama askari. Wanjiru, ambaye siku hizo alikuwa akiniambia analala kwa rafiki karibu na kampuni kwa sababu ya hesabu za zamu, alikuwa miongoni mwao, macho mekundu. "Tumeamua tukusaidie upate mkanda wako," alisema mmoja wa wanawake, na wengine wakatazama chini. Nilikwenda ofisini nikachora mstari huo kwa kalamu nyekundu, kwa furaha. Kasoro ikitokea tulikuwa tumefundishwa kuuliza mara tano. Kuhusu jambo jema hatukufundishwa kuuliza hata mara moja.

Sehemu ya kozi ilikuwa kupanga upya mahali pa kazi. Ulipaswa kupita kila kona na kadi nyekundu, ukafunga kadi moja kwenye kila kitu kisichohitajika pale, ukaandika kilichopo na tarehe, na baada ya muda kikatolewa. Niliifanya kazi hiyo alasiri moja ya mwezi wa kumi katika ghala la nyuma, nikiwa peke yangu, jua likiingia kwa nyufa za mabati na vumbi la mahindi likielea ndani yake. Nilifunga kadi kwenye mizani mbovu, kwenye pipa lililotoboka. Nyuma ya rundo la magunia matupu, mahali ambapo mtu asingeweza kuona bila kupanda, nilikuta mablanketi. Yalikuwa yamekunjwa vizuri sana, moja juu ya jingine, mpaka rundo likafika kiunoni. Kando yake kulikuwa na sufuria iliyosuguliwa, miswaki ndani ya kikombe, sweta ya mtoto, na Biblia iliyofungwa kwa lastiki, ndani yake kukiwa na hati ya shamba. Najua ilikuwa hati ya shamba kwa sababu niliifungua. Kisha, na hili naliandika kwa sababu nimejiahidi kutoruka lolote katika kitabu hiki, nikafunga kadi nyekundu kwenye blanketi la juu, nikaandika: mablanketi, hayahitajiki mahali pa kazi.

Wanjiru alinikuta bado nimesimama pale. Alikuwa na njia ya kutembea bila sauti. Aliitazama kadi, akafungua fundo lake taratibu, akaishika mkononi.

"Kwa nini mna vitu hapa?" nilimuuliza.

"Kwa sababu tunalala hapa. Mlinzi anajua."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nyumbani hakulaliki, Neke. Mama amekataa kutoka, amesema kuku zake zitaibwa. Lakini wenye watoto wako hapa."

"Kwa nini hakulaliki?"

"Tumeletewa barua. Zimewekwa kwa milango. Ati tuhame kabla ya kura."

"Mbona mimi sikuona barua?"

"Mama aliifunika na sahani ulipoingia. Hakutaka uone aibu."

Nilikuwa nimeuliza mara nne. Swali la tano lilikuwa limesimama baina yetu kama mtu wa tatu, nami sikuliuliza, kwa hiyo alilijibu bila kuulizwa. "Zilikuwa na majina," alisema. "Kila mlango na jina yake. Hata ya pili, ile mtu hutumia kwa kazi peke yake." Alirudisha kadi kwenye kiganja changu. "Toa ile karatasi, tafadhali. Leo."

Hapa ndipo ningependa kuandika kwamba niliitoa. Nilikuwa na umbali wa hatua hamsini tu kufika kantini. Lakini jopo lilikuwa linakuja Kitale wiki sita baadaye kukagua mradi, na masharti yalikuwa wazi: vielelezo vyote vibaki ukutani, mahali pake, mpaka wakaguzi wavione. Bila ramani hapakuwa na mradi, bila mradi hapakuwa na mkanda, na kampuni ilikuwa imeniahidi cheo. Na nilikuwa na sababu nyingine, nzuri zaidi, za aina inayokuja haraka mtu anapozihitaji. Kwamba barua zilikuwa zimeandikwa sehemu nyingi, hata mahali ambapo hakuna ramani. Kwamba karatasi ilikuwa imekaa pale tangu mwezi wa sita, hivyo aliyetaka kuisoma alikuwa amekwisha kuisoma. Kwamba nami nilikuwa na pini pale, ya buluu, sawa na wao. Nilimwambia Wanjiru, "Wiki sita tu. Wakishaona, naitoa mwenyewe na kuichoma." Jioni ile nilipofika nyumbani Mama Shiru alinipakulia kama kawaida, na Wanjiru, ambaye alikuwa amekuja mara moja kuchukua nguo, alinisogezea chumvi kabla sijaiomba. Baada ya hapo nilianza kuona matundu kwenye ramani. Kila asubuhi pini moja au mbili zilikuwa hazipo, na zilipokuwa pamebaki tundu dogo na jina chini yake. Nilinunua pini nyingine nikazirudisha.

Jopo lilikuja, watu watatu pamoja na Bwana Makokha. Walikunywa chai, wakatazama ramani, wakatazama grafu. Mmoja aliuliza ni nini kilichofanya watu wa barabara moja wabadilike ghafla namna ile, nami nikasema, "Ushirikishwaji." Neno lilinitoka laini kabisa. Bwana Makokha peke yake ndiye aliyekwenda dirishani akatazama nje, kwenye ua, ambako wanawake wa buluu walikuwa wameketi kwa kundi moja wakila, migongo yao ukutani, nyuso zao langoni. "Hawa wana njaa ya kazi," alisema mkaguzi mmoja. "Hapana," Bwana Makokha akasema, lakini hakuendelea, na aliposaini karatasi yangu hakunitazama. Nilipita. Niliwasindikiza hadi kwenye gari lao, nikarudi kantini nikiwa na nia ya kutimiza ahadi yangu, nikakuta ukuta mtupu. Gundi ilikuwa bado mbichi kwenye pembe moja. Niliuliza jikoni, nikauliza kwa mlinzi. Hakuna aliyeona mtu.

Wiki mbili zikapita, kura ikikaribia. Siku moja nilikuwa nikitoka ofisini mchana nikakutana na Bwana Elijah kwenye korido, nadhifu kama siku zote. Alinipongeza kwa mkanda. Aliniuliza kama nitaenda Bungoma Krismasi, nikasema sijaamua. "Nenda," alisema kwa upole, kama kaka. "Ama ukibaki pia usijali, Madam. Pini yako nilitoa. Wewe si wa huko, ni kodi tu unalipa." Akanigusa bega, akaenda zake, viatu vyake vikilia kwenye saruji.

Nilitoka kampuni saa ileile bila ruhusa. Sikuwa na orodha, na sikuihitaji. Nilikuwa na kila lango kichwani, na rangi yake, na mbwa wake. Alasiri ile na siku mbili zilizofuata nilitembea upande wetu wote wa barabara ya Kiminini, nikisimama kwenye kila boma na kusema maneno yaleyale: mimi ni Nekesa wa kampuni ya mbegu, niliandika nyumba yako kwenye karatasi, karatasi imechukuliwa, na najua iko kwa nani. Mwanamke mmoja alinishukuru akaniletea kiti. Mwingine alifunga mlango nikiwa katikati ya sentensi. Mzee mmoja aliyekuwa akipukusa mahindi alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Sasa unataka nifanye nini, mama? Niibebe nyumba?" Nilikwenda kituo cha polisi pia, ambako ofisa aliandika jina langu, akauliza kama nina hiyo karatasi kama ushahidi. Boma la Mama Shiru niliacha likawa la mwisho, ingawa nililala humo kila siku.

Alikuwa jikoni akichambua maharagwe, Wanjiru kando yake. Nilisema yote. Mikono yake haikusimama.

"Na pini yako?" aliuliza.

"Imetolewa."

"Basi wewe hawatakugusa." Alimwaga mawe kutoka kwenye kiganja. "Sisi tutaenda kwa kanisa huko Kitale tukishapiga kura. Lakini nyumba ikiachwa wazi itachomwa, hata mtoto anajua. Wakikuta mtu wao ndani hawatachoma. Si ndio?"

"Mama, usimwekee hiyo," Wanjiru alisema.

"Nimemuuliza yeye." Alinitazama kwa mara ya kwanza. "Utaweza kukaa, Nekesa? Mpaka itulie tu."

"Nitaweza, Mama."

Akanipa ufunguo. Jioni ya siku ya kura walipanda pikapiki ya jirani wakiwa na magodoro mawili na kuku watatu, wengine wakaniachia. Ijumaa nilikaa peke yangu. Sijawahi kusikia kimya kama kile. Hata redio ilikuwa ikicheza nyimbo tu. Nilipika, sikula. Kila chumba nilichoingia niliona kazi ya miaka yote ile, dari iliyopigwa nusu, kabati la vikombe vya wageni. Asubuhi iliyofuata wanaume wawili nisiowajua walipita barabarani, wakasimama langoni wakanisalimia kwa heshima. Waliniuliza mimi ni binti wa wapi. Nikasema Bungoma. "Basi ungeenda kwenu wakati barabara bado iko," alisema mmoja, wakaendelea na safari yao. Hawakuwa na kitu mikononi. Nilisikiliza hatua zao mpaka zikaisha, nikawamwagia kuku mahindi ya siku nyingi, nikafunga milango, nikaweka ufunguo chini ya beseni.

Niliwaona tena mwezi wa kwanza, katika ua wa kanisa Kitale, katikati ya mahema na moshi wa kuni mbichi. Nyumba ilikuwa imeungua. Nyumba zilizochomwa upande ule wa barabara zote zilikuwa zimewahi kuwa na pini. Zilizosalimika nazo pia zilikuwa na pini. Nimelipima jambo hilo kwa miaka yote hii, kwa kila njia niliyofundishwa, na halinipi jibu. Bwana Elijah alihamia kampuni nyingine, na hakuwahi kuulizwa chochote. Mama Shiru alinishika mikono yote miwili, akanigeuza huku na huku kuona kama nimeumia.

"Ulitoka salama? Hawakukugusa?"

"Hawakunigusa."

"Ulitoka lini, mwanangu?"

Nikamwambia Jumatatu. Nikamwambia moto ulikuwa umeshaanza kwenye chumba changu, kwamba niliwasihi, kwamba nilipitia shambani kwa nyuma. Alilia, akasema bora mimi kuliko mabati, akanitafutia kikombe cha chai mahali ambapo hapakuwa na chai. Wanjiru alikuwa amesimama nyuma yake. Sijui kama aliniamini.

Mama Shiru sasa anakaa kwa dada yake Nyahururu. Macho yake yamefifia, na Wanjiru amenipigia simu kusema kwamba kitabu hiki kikitoka atamsomea, sura kwa sura, jioni baada ya chakula. Kwa hiyo Mama, sikiliza. Niliondoka Jumamosi, saa nne na dakika kumi asubuhi, na hakuna aliyenifukuza. Nyumba iliungua Jumatatu.